Mguu Niliouficha

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ile niliyojikata mguu kwa jembe langu mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa pili wa ndoa, huko ndani ya Kabuku. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe, akirudi mwisho wa juma. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama yake, ambaye alikuwa amepooza upande mmoja. Nilimwosha, nilimlisha, na kila baada ya muda nilimgeuza, maana mwenyewe hakuweza. Kazi hiyo niliifanya kwa moyo. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kukuhadithia.

Lakini sikuishia hapo. Ukiitishwa msaragambo, watu wakakusanyika kulima shamba la mmoja wetu, wa kwanza kufika na jembe ni mimi. Aliyejifungua nilimchotea maji lamboni. Penye msiba, sufuria kubwa ilikuwa yangu. Katikati ya yote hayo nilikimbia nyumbani kumgeuza mama, kisha nikarudi mbio. Watu wakasema, "Mwajabu hachoki." Neno hilo lilinilevya, sikufichi.

Jembe lilinipata juu ya kifundo tukiwa shambani kwa jirani yetu, Mama Hadija. Nikafunga kitambaa, nikaendelea kulima. Aliponiuliza nikasema si kitu. Kesho yake mguu ulikuwa umevimba, nikauteremshia kanga. Siku ya tatu kukatokea msiba kijijini. Nilipika nikitetemeka kwa homa, na kila aliyenitazama usoni nilimchekea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nusura kiniumbue kweli. Siku ya nne nilianguka kando ya mafiga, wakanipakia kwenye lori la mahindi lililokuwa likienda Korogwe. Hospitalini nilikaa siku kumi na moja, mume wangu akiniuguza huko kila atokapo kazini, na mbili za mwanzo sikujitambua.

Sasa sikiliza yaliyotokea nyumbani. Majirani hawakuwa wabaya. Mama Hadija alimpelekea mama uji asubuhi na jioni, akamfunika shuka vizuri, akamrudishia mlango. Hakujua kwamba lazima ageuzwe. Angejuaje? Kila alipotaka kunisaidia nilimjibu, "Wewe pumzika, huyu ni wangu." Na mama mwenyewe aliona haya kumwomba mtu wa nje amfunue.

Niliporudi nilikuta mama ana kidonda nyongani kwa kulalia upande mmoja, upana wa kiganja. Niliketi sakafuni nikalia. Mama hakunibembeleza. Alisema kwa Kizigua, polepole, maana ulimi nao ulikuwa mzito. Mimi nakuambia kwa Kiswahili.

"Mguu ulikuuma siku ngapi kabla hujaanguka?"

"Siku nne, mama."

"Nani alijua?"

"Hakuna."

"Na kunigeuza mimi, nani mwingine alijua?"

"Hakuna, mama."

"Basi chukua huo wema wako ukaupepete, utoe pumba. Ukimaliza uje uniambie umebaki na nini."

Nilipepeta wiki nzima, na sikupenda nilichokiona. Kumpenda mama kulikuwemo, hilo nalisema bila haya. Lakini ile sufuria ya msibani, mara nyingi niliishika ili nionekane. Mguu niliuficha kwa kuogopa watu waje kusema, "Kumbe naye huchoka." Na Mama Hadija nilimzuia kwa sababu nilitaka mgonjwa awe sifa yangu peke yangu. Nikamwambia mama yote hayo. Akajibu, "Sasa mwite Mama Hadija umfundishe."

Nikamwita. Wifi yangu naye akaja, tukagawana siku. Kidonda kilichukua miezi kufunga, na kila nilipokisafisha mama alikunja uso. Maumivu yale nilimpa mimi. Nimezeeka hapa Chanika, na bado sijapata mwingine wa kumlaumu.

Nakuona na wewe, mwanangu. Unauguza nyumbani, kwenye misiba wewe ndiye mbele, na ukiulizwa hali unajibu "niko poa" huku macho yamekuwa mekundu. Sikuambii uache kusaidia. Asiyezika wenzake atazikwa na nani? Ila kabla hujainuka kumwendea mtu, jiulize: mwili wangu leo ukoje? Ninamwendea yeye, au ninakwenda ili nionwe? Ujijibu kweli, maana hapo hakuna wa kumpendeza, uko wewe na Mungu wako. Ukiumwa, sema siku ya kwanza. Ukimtunza mtu, mfundishe na mwingine namna ya kumtunza, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Na ukishindwa, sema nimeshindwa. Aibu yake ni ndogo kuliko ile niliyoikuta kitandani kwa mama mkwe wangu.

Mwenyezi Mungu akupe afya ya kuwatunza unaowapenda, na ulimi mwepesi wa kusema umechoka. Na siku utakayolala usiweze kujigeuza, akujaalie watu wawili wanaojua, wala asiwe mmoja tu.