Mkojo wa Mamamukwe

Nilikuwa nimezika watoto wawili, wote kabla ya kupewa jina. Mimba ya tatu ilipoonekana, tulikuwa hapa Kamina, bwana yangu akifanya kazi ya reli. Mabibi ya wafanyakazi tulilazimishwa kwenda kila mwezi kwa misheni, kupimwa na masere, mtawa mzungu.

Kupima kilo, sawa. Kunishika tumbo, nilivumilia. Lakini alitaka na mkojo, ndani ya chupa. Nani anampa mgeni mkojo wake? Kwetu, mwenye kutaka kufunga tumbo la mwanamke hatafuti kitu kingine. Tena masere aliingiza zile chupa chumba cha nyuma, akafunga mlango. Kwa nini afunge?

Mamamukwe, mama ya bwana yangu, ndiye alipata akili. Asubuhi ya kupimwa alichukua chupa, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi nayo imejaa.

"Peleka hii ya kwangu," alisema. "Bafunge tumbo langu kama banaweza. Hapa soko lilishavunjika zamani!"

Miezi mitatu jibu lilikuwa moja: muzuri. Nikacheka moyoni.

Mwezi wa saba miguu ilijaa. Uso ukavimba kama nimeumwa na nyuki, kichwa kikapasuka, nikaona cheche mbele ya macho. Masere alibonyeza mguu wangu, shimo likabaki. Akaangalia kadi. Akaniangalia.

"Mama, mukojo hii iko ya nani?"

"Ya kwangu."

"Iko ya nani? Mutoto atakufa. Na weye pia."

Nilidhani ananitisha apate alichokitaka tangu mwanzo. Lakini wale wawili pia, nilivimba hivihivi kabla ya kuwazika.

"Nitakupa," nilisema. "Lakini usifunge mulango. Kiisha, miye mwenyewe nitaumwaga."

Akakubali. Alitia mkojo wangu ndani ya kioo chembamba, akakichoma juu ya moto. Ukageuka mweupe, kama maji ya muhogo. Akachoma na ule wa mamamukwe. Ukabaki safi. Sikuhitaji kuelezwa.

Nilimwaga, nikasugua chupa kwa mchanga. Halafu nikalazwa majuma matatu kwa misheni, chakula bila chumvi.

Mtoto alikuja mbele ya wakati, mdogo sana, lakini alilia. Mamamukwe alimpokea, akamfunua pande zote, akamnusa. Kisha akamgeukia masere.

"Na kondo la nyuma, munapeleka wapi?"

Masere alilifunga ndani ya kitambaa, akampa.