Jiwe la Mama Alum

Padri Odur alikuwa katikati ya sala za kulibariki pango jipya Wandera alipouona ufa. Ulianzia juu ya kichwa cha sanamu ya Bikira Maria, ukateremka kushoto kama uzi mweusi, ukapotelea kwenye rangi ya kijivu aliyoipaka yeye mwenyewe. Jana haukuwapo. Na chini yake, ndani ya pango, Mama Alum alikuwa amepiga magoti na mshumaa wake, huku nyuma yake foleni ya kina mama ikingoja zamu ya kuingia.

Wandera ni mtu wa Busia, upande wa Kenya, na kazi yake ni ya ajabu kidogo: anajenga mapango. Bibi yake Nakhisa, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Elgon, alimlea kwa habari za mapango ya huko, ambamo watu wa kale walijificha na ng'ombe wao siku za vita. Pango la Mungu, bibi alikuwa akisema, lina mgongo wake. La binadamu lina mgongo wa kuazima. Mjukuu akacheka, akaja Kampala, akaanza kuyatengeneza hayo ya kuazima. La kwanza lilikuwa la baa moja ya Kabalagala: nondo nyembamba, wavu wa waya, saruji ya kupaka kwa mkono, rangi ya mwamba, taa nyekundu ndani. Walevi wakaapa kwamba mlima umehamia mjini. Wenye hoteli wakaanza kumtafuta, na mwisho parokia moja ya Makindye ikamwita. Walitaka pango la Bikira, kama lile la Lourdes kule Ufaransa ambalo padri alimwonyesha kwenye simu. Bikira hakai baa, lakini waya ni ule ule.

Kilichokuwa kigeni kwake ni desturi ya parokia hiyo. Kila nyumba huleta jiwe moja kutoka kwao, nalo lazima lijengwe. Jiwe la mtu halikataliwi. Wandera aliyapanga chini, kwenye kuta, akayazungushia saruji, na hapo yangekaa miaka na miaka. Taabu ilikuja pango likiwa limekwisha, rangi haijakauka, Mama Alum aliposhuka kwenye bodaboda akiwa amepakata jiwe kubwa kama mtoto wa mwaka mmoja.

"Fundi, hii natoka nayo kwetu Lira," alisema. "Ilikuwa kwa kaburi ya mtoto yangu. Weka juu ya Maria, amuone."

Fundi gani asiyejua kwamba paa la wavu halibebi mzigo? Wandera alijua. Lakini alimtazama yule mama, akapanda ngazi akaliweka. Huruma nayo ina ujinga wake. Kesho yake wengine wawili, walioliona la mwenzao huko juu, wakaleta ya kwao. Akayaweka. Angemkubalia huyu na kumkatalia yule kwa uso gani?

Sasa chembe za saruji zilidondoka kwenye kitambaa cha Mama Alum. Mwenyewe akazipangusa, akaendelea kusali.

Wandera akamnyemelea katekista Otema. "Zuia watu wasiingie."

"Ssebo, bwana wangu, leo si siku ya kazi," Otema akanong'ona bila kugeuka. "Acha kuharibu sala."

Wandera akapiga hesabu. Akipiga kelele na pango lisianguke, amekwisha: nani atampa kazi fundi anayeikimbia kazi yake mwenyewe mbele ya parokia nzima? Na akinyamaza je? Akaitazama foleni. Mwanamke aliyefuata tayari alikuwa ameinama kuingia, mtoto mgongoni.

"Tokeni!" Sauti yake ilimshtua hata yeye. "Tokeni, pango inaanguka! Mimi ndiyo nilikosea!"

Foleni ikatawanyika kwa mayowe. Mama Alum hakusogea. Alidhani fundi amepatwa na wazimu. Wandera akajitosa ndani, akamshika kwapani, akamburuta nje, mshumaa ukabaki unawaka.

Pango halikuanguka.

Walisimama wote wakilikodolea macho, nalo limesimama tu. Minong'ono ikaanza, kisha vicheko. "Fundi amekunywa ya Kabalagala," mtu akasema. Padri Odur akashusha kitabu chake, akamwuliza mbele ya watu kama ana hakika.

"Nina hakika, Faza," Wandera akajibu. Akaenda kuchukua ngazi ayateremshe yale mawe matatu.

Ngazi ilipogusa tu ukingo, paa likachanika. Jiwe la Mama Alum likapita katikati ya wavu, likatua pale pale alipokuwa amepiga magoti, likauponda mshumaa.

Hakuna aliyecheka tena. Vumbi lilipotulia, Wandera akalitoa lile jiwe kwenye kifusi, akampelekea mwenyewe huku akijiandaa kwa matusi. Mama Alum akalipokea, akaketi nalo kwenye nyasi, akalifuta vumbi kwa kitambaa chake, taratibu, pande zote.

"Mtoto yangu," akamwambia fundi, "kwa nini hukuniambia siku ile? Ningelia kidogo, halafu ningerudi nayo nyumbani."