Wimbo wa Lori la Taka Ambao Dereva Wake Hajausikia Mpaka Mwisho

Saa moja asubuhi, kwenye kona ya duka la mikate, lori la kijani linapunguza mwendo. Dereva anabonyeza swichi iliyofungwa kwa utepe mweusi juu ya usukani, na kipaza sauti kilicho juu ya paa kinaanza kuimba. Ni sauti ya piano, nyembamba, imekwaruzika kwa uzee. Milango inafunguka. Mwanamke mwenye mswaki mdomoni anatoka na ndoo. Baba mmoja anakuja mbio na mfuko unaovuja, kaunyoosha mbele ili usimchafulie suruali ya ofisini.

Hakuna anayesimama kusikiliza. Wimbo ukilia, mtu anakumbuka takataka zake, basi.

Dereva ana miaka hamsini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya usukani huu. Watoto wa mitaa anayopita wanamwita Mzee Tirilili, kwa kuufuatisha wimbo wake, na jina limemganda mpaka ofisini. Mshahara hapendi kuutaja. "Unaisha tarehe kumi na tano," anasema, "halafu mwezi unaendelea peke yake."

Nyuma ya lori ananing'inia utingo wake, mwanamke wa makamo mwenye glavu za mpira zinazomfika viwikoni, ambaye kila mtu humwita Shangazi. Ndiye anayepokea ndoo, kuzikung'uta na kuwagombeza wanaochanganya vioo na maganda. "Mkono huu una watoto wanaoutegemea," anamwambia baba wa suruali ya ofisini. "Chupa ikivunjika, ifunge kwenye gazeti." Baba anaomba radhi, anakimbilia kazini.

Mzee Tirilili ana mchezo wake. Mtu akichelewa kuondoka, huchungulia dirishani na kumwuliza, "Hivi unajua huu wimbo katunga nani?"

Kinyozi anayefagia mbele ya kibanda chake anadhani ni kazi ya ofisi ya usafi. Mwanafunzi wa chuo anasema bibi yake alikuwa nao kwenye simu, simu ile ya kubonyeza. Mwanamke wa mswaki anatema povu kwanza. "Wa taka huo," anasema. "Kumbe nao una mtunzi?"

"Unaye. Beethoven."

"Ndiye bosi wenu mpya?"

Shangazi anacheka mpaka anashikilia chuma cha lori. Mtoto wa shule anayepita anasema yeye anamjua Beethoven vizuri sana: ni mbwa wa jirani yao, mkali, kutwa yuko kwenye mnyororo.

Dereva naye anacheka. Ila kwenye mtaa wa pili anapandisha kioo. "Siwezi kuwasema," anaanza tena. "Hata mimi, miaka saba ya kwanza, nilikuwa naubonyeza tu huu wimbo kama mtu anavyobonyeza honi."

Aliyemfumbua macho ni mwalimu wa kinanda, mama mstaafu anayekaa jirani na kanisa. Siku moja alitoka na kindoo chake, akakikabidhi, kisha badala ya kurudi ndani akabaki amesimama kando ya barabara, kichwa ameinamisha. Dereva alidhani anaumwa. Akashuka.

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Hakuna. Nangoja uendelee, lakini kila ukifika pale unarudi mwanzo."

Ndipo alipoambiwa kwamba lori lake halina wimbo, lina mlango wa wimbo tu. Kipande kile cha mwanzo kinazunguka na kuzunguka, lakini wenyewe ni mrefu, una mahali unapochangamka na mahali unapokasirika. Mtunzi wake alikuwa Mjerumani aliyefariki yapata miaka mia mbili iliyopita, na masikio yalimfa kabla yake.

"Nikamwambia mwalimu, basi na mimi niko njiani, maana kipaza sauti kiko juu ya utosi wangu," anakumbuka dereva. "Akacheka. Nikaona huyu mama ni mtu wa watu, nikamweleza habari za binti yangu."

Binti huyo ndiye kitinda mimba wake, na nyumbani wanamwita hivyohivyo, Kitinda. Wakati ule alikuwa na miaka minane. Alikuwa ameushika wimbo wa baba yake kabla hajashika kusoma, akawa anaupiga kwa vidole juu ya meza ya chakula, pamoja na kosa lake. Rekodi ya lori ina noti moja inayokwama, na mtoto naye alikuwa akikwama palepale.

Mwalimu akasema aletwe, na hakutaka malipo. "Kazi ya kwanza ilikuwa kumtoa ile kwikwi," anasema leo, akiwa sebuleni kwake, kinanda kimefunikwa shuka lenye maua. "Ikishatoka, mtoto alikimbia. Nilikuwa nampa kitu Ijumaa, Jumatatu anakirudisha kimeiva."

Wanafunzi wake sasa wamebaki wachache. Anasema zamani akitaja Bach au Mozart mbele ya wazazi, walikuwa wanaitikia hata kama wanadanganya. "Siku hizi mzazi ananiuliza hao wanachezea timu gani. Siwakasirikii, jamani, watu wana mambo mengi. Lakini nahuzunika. Ni kama kumpeleka mgeni wa maana kwenye nyumba na wenyeji hawana hata habari kwamba yuko sebuleni."

Kila mwisho wa mwaka mwalimu huandaa tamasha dogo kwenye ukumbi wa kanisa. Kitinda alipofikisha miaka kumi na sita, alipewa nafasi ya kufunga tamasha kwa wimbo atakaochagua mwenyewe. Akachagua wimbo wa lori, mzima mzima, na hakumwambia baba yake. Ilikuwa zawadi.

Siku hiyo dereva aliomba ruhusa kazini, akaoga mara mbili, akaazima koti la shemeji yake na kujipulizia manukato ya mkewe. Wakakaa mstari wa mbele, yeye na mama watoto. Ukutani kulikuwa na picha ya mtu mwenye nywele timtim na uso wa kununa. "Nilidhani ni paroko wa zamani aliyeona sadaka haitoshi," anasema. "Kumbe ndiye mwenyewe, Beethoven."

Wazazi wengine waliokaa karibu aliwafahamu kwa ndoo zao. Yule wa ndoo ya bluu iliyopasuka, yule asiyefunga mifuko. Wao hawakumtambua, na hilo lilimfurahisha kuliko anavyopenda kukiri.

Kitinda akaketi kwenye kinanda, akavuta pumzi, akaanza. Noti chache tu, na mtu wa viti vya nyuma akapaza sauti: "Haya, toeni taka!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Halikuwa jambo la ubaya, dereva mwenyewe anasema. Angekuwa nyuma kule huenda naye angecheka. Kuna mtoto alisimama akamwuliza mama yake ndoo iko wapi, kicheko kikapanda tena. Binti hakuinua vidole. Aliendelea.

"Koti likaanza kunibana," anasema dereva. Sasa ameegesha lori pembeni ya ukuta wa shule, mikono yote miwili iko kwenye usukani ingawa injini imezimwa. "Nikawaza, sasa hivi mtu atageuka aseme, si huyu hapa mwenye lori? Nikajisikia nanuka, na nilikuwa nimeoga. Nikainama, nikatoka kwa mlango wa pembeni."

Alisimama nyuma ya ukumbi, kwenye matangi ya maji, ambako sauti ya kinanda haifiki. Kilichofika ni makofi. Baadaye mkewe akatoka, akampitia, wakaongozana hadi nyumbani. "Hakuniuliza kitu. Afadhali angeuliza."

Mkewe alibaki ukumbini mpaka mwisho. Anasimulia akiwa anakunja sare za kazi kwenye kochi. "Kuna mahali kule katikati," anasema, "mkono wa kushoto unagonga noti ileile, unagonga, unagonga, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ya watu wasiotaka kufungua. Hapo mwanangu akageuza uso, akatazama kiti cha baba yake. Halafu mkono wa kulia..."

"Basi, mama watoto," dereva anamkatiza kutoka upande wa pili wa chumba. "Usinimalizie."

Maana huo ndio ukweli wa mambo. Mtu aliyeusikia wimbo huu mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini hajui unaendeleaje. Wenzake kazini wamejaribu kumwekea kwenye simu, ni suala la kubofya tu. Anakataa, huondoka hata mezani. "Nilikuwa nimeletewa na mwanangu," anasema. "Siwezi kwenda kuuokota kwenye simu ya mtu."

Kitinda sasa ana miaka ishirini na anauza kwenye duka la dawa. Hajagusa kinanda tangu siku ile. Anajibu maswali kwa upole huku akipanga maboksi kwenye rafu, mgongo kaupa mlango. "Nilimwaibisha baba," anasema. "Mimi nilidhani nampa zawadi. Kumbe nawatangazia watu kazi yake, mbele yake, na yeye kavaa koti."

Baba yake aliwahi kumwambia hivyo?

"Baba? Baba haongei mambo hayo."

Dereva akielezwa maneno hayo, anavua kofia na kuitazama kwa ndani. Inamuuma, na haifichi. "Aibu haikuwa yake hata chembe. Ilikuwa yangu, tena ya kijinga. Miaka yote nimetaka kumwambia. Kila nikifungua mdomo, najikuta nauliza kama mlango wa nyuma umefungwa."

Pengine angeendelea kuulizia mlango mpaka astaafu, lakini ofisi ya usafi ya mji imetoa tangazo. Kuanzia Jumatatu malori yote yataacha muziki na kuwekewa sauti ya mtangazaji. Ofisa mhusika anasema wananchi wenyewe waliomba waelezwe siku ya chupa ni ipi na siku ya maganda ni ipi, na muziki hauwezi kusema siku. Sababu ina maana. Hata Shangazi, mwenye makovu ya vioo, anaikubali. "Lakini nitaukosa," anasema. "Nimezoea kubeba uchafu na kinanda."

Kwa hiyo Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Mitaa inapitwa mmoja baada ya mwingine na hakuna anayeaga, kwa kuwa hakuna anayejua kuna kitu kinaondoka. Kinyozi anafagia. Mbwa anabweka. Saa nne na ushee lori linaingia mtaa wa nyumbani kwa dereva, na leo anayetoka na ndoo si mkewe, ni Kitinda, khanga kaifunga juu ya gauni la kazini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Anampa Shangazi ndoo, anarudishiwa. Kwa kawaida hapo lori huondoka. Leo haliondoki.

"Siku ile," dereva anasema kwa dirishani, "sikukuonea aibu wewe."

"Siku ipi?"

"Unaijua."

Kitinda anashika ndoo kwa mikono miwili. Juu ya paa wimbo unazunguka. Shangazi ghafla ana kazi nyingi na mfuko ambao tayari umefungwa.

"Niliogopa wasije wakanijua mimi," anaendelea baba yake. "Kwamba mwenye lori ndiye huyu. Wewe ulikuwa unapiga vizuri, na mimi nikakimbia."

"Miaka minne, baba."

"Miaka minne."

"Ungeniambia hata mezani."

"Ningekuambia," anakubali. "Mwalimu amesema kesho mchana atatufungulia ukumbi. Nataka unimalizie."

Binti anaangalia vidole vyake, vyeupe kidogo kwa unga wa vidonge. "Vimesahau. Nitakwama."

"Kwama. Huyu hapa juu kanikwamia miaka kumi na tisa, sijamfukuza."

Kitinda anataka kucheka, kicheko hakitoki sawasawa. Anajipangusa uso kwa ncha ya khanga, anasema, "Tutaona," na kuingia ndani. Mlango unafungwa taratibu. Hakusema ndiyo, na dereva hajidanganyi kwamba alisema.

Mpango wake ni mfupi. Kesho atakwenda ukumbini, atakaa kiti kilekile cha mstari wa mbele, na safari hii hataazima koti la mtu. Atavaa sare ya kazi, yenye jina la ofisi ya usafi mgongoni. Na binti asipotokea?

"Nitakaa tu," anasema. "Yeye alikipigia kiti kitupu mpaka mwisho. Na mimi nitakisikiliza kinanda kitupu."

"Uoge lakini," Shangazi anamwambia kutoka nyuma.

"Nitaoga. Ila nguo ndizo hizi."

Anaingiza gia. Lori linasogea kuelekea nyumba inayofuata, na juu ya paa wimbo unafika pale unapofika siku zote, unakatika, unaanza upya.