Utani Uliochapishwa Gazetini

Jumatano, wiki ya pili ya Aprili. Mvua imenyesha tangu kabla ya adhana ya alfajiri, ikakatika kama saa tatu, kisha jua likatoka na mtaa mzima ukawa unatoa mvuke. Leo tulikuwa na mkutano kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Naandika sasa hivi, kabla sijalala, maana najijua: nikingoja kesho nitakumbuka nimesema vizuri kuliko nilivyosema.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwetu, nyumba ya urithi, upande wa Kariakoo unaokaribia Mchafukoge. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kila asubuhi husimama kwenye meza ya magazeti pale kona, na wanaume wenzangu, tunasoma kurasa za mbele zilizobanwa kwenye kamba. Hatununui. Tunasoma vichwa vya habari, halafu tunabishana vikali juu ya habari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma. Muuzaji ametuzoea. "Someni kwa macho, mikono iacheni mifukoni," anasema. Kwa hiyo nikitaka kulilaumu gazeti, huwa najiuliza kama mtu wa namna yangu ana haki hiyo.

Lakini lawama ninayo, na ni ya siku nyingi. Kwa waandishi, huku kwetu kuna mambo matatu tu: moto, mpira, na mafuriko ya Jangwani. Mvua ikinyesha wanakimbilia bondeni kumpiga picha mtu aliyebeba godoro kichwani. Mtaro wetu ulikuwa umeziba tangu kabla ya Ramadhani, maji meusi yanalala mlangoni, na hakuna aliyekuja. Hilo nililisema mezani pale mpaka wenzangu wakachoka.

Basi mwezi uliopita akaja mmoja. Dada mdogo tu, amevaa raba nyeupe, na hatua ya tatu ikaingia majini. Hakukasirika. Akanisalimu, "Shikamoo baba," nikaitikia, akafungua daftari. Akauliza huu mtaro umeziba kwa sababu gani.

Hapo inabidi nieleze habari ya jirani yangu. Hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu anapika mama lishe mmoja, mwaka wa tisa sasa. Ni mtu wa kusini, na watu wa kwao na watu wa kwetu hapa pwani ni watani tangu enzi za mababu. Sisi hatuitani majina, tunaitana mtani. Kwenye msiba wa mama yangu, wakati sisi tumekaa tumeinamisha vichwa, yeye alijifunga kanga za marehemu, akatembea uani kama mama alivyokuwa akitembea, huku akiwagombeza wapangaji. Tulicheka na kulia pamoja. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpita asubuhi bila kumtupia neno.

Kwa hiyo mwandishi alipouliza, mdomo wangu ulitangulia. Nikamwambia, "Andika, mwanangu: mtaro ameuziba huyu mama. Kwao porini walizoea kuwamwagia mbuzi maji ya vyombo. Hapa mbuzi hakuna, anatumwagia sisi."

Watu wakaangua kicheko. Naye akanyanyua mwiko, "Andika na hili, dada. Huyu fundi akioga ndiyo mtaro unaziba kabisa. Ndiyo maana mtaa mzima tumemkataza kuoga!"

Mwandishi alicheka mpaka akashika ukuta. Baada ya hapo nilizungumza naye kwa makini, kwa muda mrefu: mifuniko iliyoibwa, takataka za kila mtu, na jinsi tulivyopeleka taarifa mara mbili. Nilijiona nimesema kama mtu aliyesoma.

Siku mbili baadaye muuza magazeti aliniita kwa sauti ya kunikejeli. "Fundi, leo utanunua. Umo ndani."

Nilinunua. Ukurasa wa ndani, chini, palikuwa na picha ya maji yetu, na kichwa cha habari kikisema mama lishe adaiwa kuziba mtaro. Kisha: mkazi mmoja wa eneo hilo alisema mtaro umezibwa na mama lishe anayemwaga maji ya vyombo. Yale maneno yangu ya makini hayakuwemo hata moja. Nililikunja gazeti nikaliweka chini ya cherehani.

Nataka kuwa mkweli kwa gazeti. Picha ilikuwa ya kweli. Mtaa haukukosewa jina. Na siku ya tatu tu baada ya habari kutoka, waliletwa vibarua na makoleo, mtaro ukafunguliwa. Taarifa zetu mbili hazikufanya kazi hiyo, imefanywa na ukurasa ule mmoja. Nikisema gazeti halikutusaidia nitakuwa mwongo.

Ila vibarua walipochimba hawakutoa ukoko wala maganda ya ndizi peke yake. Walitoa vitambaa. Vipande vilivyoshikamana kwa matope kama kamba nene, koleo haliwezi kukata. Mmoja wao akasimama, akatuangalia mafundi, maana tuko watatu mtaani. "Wazee, hii mali ya nani?" Wote watatu tukainamia cherehani zetu tukashona kwa bidii. Vingi vilikuwa vya sare za shule, na sare tunashona sote. Lakini niliona pia kipande cha bitana ya njano, ile ya kushonea ndani ya makoti, ambayo mwaka jana niliinunua mimi tu, na bado ninayo ndani. Jioni huwa nafagia baraza, na ufagio wangu naujua unaelekea wapi.

Wiki hiyo hiyo mama lishe akaletewa notisi ya serikali ya mtaa: aondoke mahali pale ndani ya siku saba, na nakala ya gazeti imebanwa nyuma yake. Ana watoto wawili shuleni na sufuria zile ndizo zinawasomesha. Alikuja nazo karatasi barazani. "Mtani, ona. Utani wako umepigwa muhuri." Alicheka, lakini kwa kifupi.

Nikapiga simu kwenye namba iliyoandikwa chini ya gazeti, nikaunganishwa na yule dada.

"Baba, kuna neno nimelikosea?" akaniuliza.

"Hapana. Lakini ule ulikuwa utani."

"Lakini si ulisema?"

"Nilisema. Na wewe si ulicheka?"

"Nilicheka, baba. Mhariri ndiye hakuwepo pale. Niliandika mengi, akabakiza hayo." Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, "Mimi nilidhani utani ni wa namna ya kusema tu, jambo lenyewe ni kweli."

Je, yale maji ya vyombo hayakuwa yakinikera? Yalikuwa yakinikera. Miaka tisa yanapita mbele ya baraza langu, na sikuwahi kumwambia kistaarabu. Labda nilikuwa nalificha lalamiko ndani ya utani ili nisijibiwe. Sina hakika. Yule dada alisema watajitahidi kurekebisha, na sijaona marekebisho. Ila nakumbuka mimi ni mtu wa kusoma kurasa za mbele tu, huenda yalitoka yakanipita.

Leo kwenye mkutano wa kuijadili notisi ile nilikaa benchi la nyuma. Mwenyekiti alisoma habari yote ya gazeti kwa sauti, kisha akasema, "Hapa tuna ushahidi wa mkazi. Hatuwezi kuupuuza." Mama lishe alikuwa amekaa mbele, ameshika notisi yake kwa mikono miwili. Hakugeuka kunitazama. Angeweza kunitaja kwa jina, na hakunitaja.

Nikasimama. "Mkazi mmoja ni mimi."

Mzee mmoja akanong'ona kwa nguvu, "Eti nani? Huyu fundi?" Wengine wakacheka.

Nikaeleza kuwa yule ni mtani wangu, na kwamba maneno yale yalikuwa ya utani. Mtendaji wa mtaa, aliyekuwa anaandika muhtasari, akainua kalamu. "Sasa mzee, mimi niandike nini? Muhtasari hauna sehemu ya utani."

"Andika basi kwamba vitambaa vilivyotolewa mtaroni ni vyangu. Sijui kama ni vyote. Vya bitana ya njano ni vyangu."

Wale mafundi wenzangu wawili walikuwepo, na sikuwataja, kwa sababu vitambaa vyao sikuviona. Mwenyekiti akaniuliza kama nafahamu kuwa notisi ile inaweza kugeuzwa ikaja kwangu. Nikasema nafahamu. Kwa kweli sikuwa nimefikiria mpaka alipouliza, hapo nikashika mgongo wa benchi.

Walijadiliana muda mrefu. Mwisho wakaifuta notisi. Mama lishe abaki, maji ya vyombo ayaweke kwenye ndoo akamwage chooni. Mimi mabaki ya vitambaa niyafunge kwenye mfuko kila jioni, na nikionekana na ufagio karibu na mtaro, baraza langu litaandikiwa barua. Mtendaji akaandika kwamba mtoa taarifa amefuta kauli yake. Sikufuta yote, maana maji alikuwa anayamwaga kweli, lakini sikuwa na nguvu ya kubisha.

Nje nilimsubiri mama lishe mlangoni. Nilikuwa nimeandaa neno la mbuzi, ili tuanze upya. Alipotoka aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyowasalimia wateja wageni.

"Asante, baba," akasema.

"Mtani, wale mbuzi—"

"Baba, nisamehe, nimeacha maharage jikoni." Akaondoka haraka, anakwepa madimbwi.

Miaka tisa hajaniita baba. Nimemweleza mke wangu, naye akasema, "Ulitaka akuite nani? Mpe muda. Na wewe upumzishe huo mdomo." Labda ni hivyo. Sijui muda huo ni wa kiasi gani, wala kama ni haki yangu kuungoja. Sufuria zake ziko palepale, nimezisikia zikigongana mchana kutwa, na ndoo ya maji machafu ameibeba mwenyewe mara mbili kupita mbele yangu.

Jioni hii tumekula ugali na dagaa wa nazi, na bamia kidogo. Mke wangu amezidisha chumvi, nami nimekula bila kusema kitu.