Togwa ya Mama

Juzi, kwenye mgahawa mmoja wa Majengo, msichana aliyenihudumia aliniwekea glasi ya togwa akasema kwa fahari, "Hii ni lokali kabisa, mama." Nikainusa, nikajikuta darasa la tatu.

Mchana ule mama alikuja shuleni moja kwa moja kutoka shambani, kanga yake ikinuka moshi wa kukaushia tumbaku, na kibuyu cha togwa cha kumkaribisha mwalimu wetu mpya wa Kiingereza, mtu wa mkoa mwingine. Alipiga magoti mlangoni mwa darasa, akamimina kwenye kata, akanywa yeye kwanza. Kwetu mwenye kinywaji huonja mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakina sumu. Kisha akamnyooshea kata kwa mikono miwili.

Mwalimu alipatazama pale midomo ya mama ilipogusa. "Lokali sana," akasema, na mikono yake akaitia mfukoni.

Nilidhani lokali ni shukrani ya Kizungu. Mama naye alidhani hivyo. "Karibu, mwalimu," akajibu, akaendelea kupiga magoti, kata mikononi, akingoja ipokelewe. Darasa likacheka. Nami nikacheka, maana mama alikuwa anatabasamu.

Togwa aliirudisha nyumbani, na shuleni hakuja tena.

Siku hizi neno lile ni sifa. Pale mgahawani wameliandika ukutani kwa herufi kubwa, na togwa inauzwa ghali kwa ajili yake. Mama alikufa likiwa bado tusi.