Rangi Iliyokuwa Chini ya Nyeusi

Mume wangu alipaka rangi ndege za jeshi, zile ndogo za kufundishia marubani, miaka ya baada ya uhuru. Ndivyo alivyoniambia, na mimi sikumwamini. Alikuwa akija likizo hapa Githongo na kucha safi kuliko za karani wa kanisa. Mpaka rangi gani huyo? Jirani yetu alipaka mageti tu, na hata ukimpa mkono unabaki na harufu. Nikimuuliza mume wangu ananijibu, "Sisi tunanawa na thina, inatoa rangi yote." Haya. Nikakaa na langu moyoni: labda anafagia tu, labda ana mke mwingine huko kambini.

Alipostaafu, hadithi za ndege zikazidi, hasa akiwa na wanaume wenzake kwenye foleni ya kupima kahawa kiwandani. Akianza tu, mimi nabeba debe langu naenda zangu.

Siku moja akaja kijana kutoka Nairobi na pikapu. Alikuwa anatengeneza upya ndege kuukuu ya mafunzo, na alitaka chumba cha rubani kiwe na rangi ileile ya kwanza. Alikuwa ameambiwa mzee wangu anaijua. Alikuwa amebeba kipande cha ubavu wa ndani wa chumba hicho, bati jepesi, jeusi tititi.

"Ilikuwa kijani," mzee akasema. Akachuma jani la kahawa, akaligeuza. "Hii hapa. Upande wa chini, uliopauka."

Kijana akatabasamu kwa adabu. "Lakini mzee, picha zote nilizo nazo zinaonyesha nyeusi."

"Zilipigwa baadaye. Hiyo nyeusi niliipaka mimi mwenyewe, juu ya kijani."

"Basi tukwangue kidogo tuone?"

"Hapana." Mzee akakunja mikono. "Kama neno langu halitoshi, rudi na bati lako."

Woi! Hapo nikajua nimemshika. Njia ya mwongo ni fupi. Mwenye haki anaogopa msasa? Nikaingia ndani, nikatoka na ule msasa wa kulainisha mipini ya majembe, na kikombe cha maji.

"Mama watoto, wacha," akasema.

Sikuacha. Nilisugua kwa hasira ya miaka yote ile. Maji yakatoka meusi kama masizi, mkono ukauma, nikazidi kusugua. Halafu nyeusi ikaisha. Chini yake kulikuwa na kijani kilichopauka. Nikamnyang'anya lile jani, nikaliweka juu ya bati. Rangi ileile!

"Ni kweli!" nikapiga kelele, karibu nicheze. "Baba watoto, ni kweli!"

Kijana naye akacheka kwa furaha, kisha akajifanya anatafuta kitu ndani ya pikapu. Mzee hakuliangalia bati. Aliniangalia mimi.

"Kumbe hukuwa unaniamini," akasema. "Hata siku moja?"

Nikatafuta uongo wa kumjibu, nikaukosa.