Matonge Matatu ya Baba

Mkahawa wenyewe ni mdogo, meza sita tu, karibu na stesheni ya treni ya Harrow, huku ughaibuni ninakoishi. Mwenyewe ni mama wa Kijapani anayepika vyakula vya Ulaya kama vinavyopikwa kwao Japani: wali wa nyanya uliofunikwa kwa kimanda, supu kidogo, kahawa. Mchana bei yake haiumizi. Ofisini tunakwenda pale mara kwa mara, na mimi nilishajijengea jina la mtu anayejua mambo. Basi baba yangu alipokuja kutoka Tanga kukaa nasi mwezi mmoja, nikasema lazima nimpeleke. Kusema kweli nilitaka kumringia.

Tulikuwa watatu: baba, mimi, na binti yangu wa miaka saba. Meza ya pili walikaa wenzangu wawili wa ofisini. Nikawapungia mkono kwa madaha yangu yote.

Sahani zikaja. Baba akauliza maji ya kunawa yako wapi, nikamwonyesha. Akarudi mikono inachuruzika, mkono wa shati ameukunja mpaka kwenye kiwiko. Akawageukia wenzangu, akawaambia "Karibuni," akasema bismillahi, akapasua kimanda kwa vidole na kufinyanga tonge. Akala la kwanza. Akala la pili.

"Wali mtamu huu," akasema, "ila chumvi wameionea choyo." Akatia la tatu.

Jamani, moto ulinipanda mpaka masikioni. Nikamwinamia huku nimekaza meno: "Baba, tumia uma. Watu wanatuangalia. Unanitia aibu."

Hakuna aliyekuwa akituangalia. Wenzangu wale walikuwa kwenye simu zao.

Akafuta vidole kwa karatasi, kimoja kimoja, akashika uma. Mkono wake wa kulia unatetemeka siku hizi, na hilo nilikuwa nalijua. Wali ukamwagika kifuani, ukamwagika mezani. Akaulaza uma taratibu.

"Nimeshiba, mwanangu. Nyinyi kuleni."

Mtu mzima ashibe matonge matatu! Na mimi, mpumbavu mimi, nikaona afadhali, nikanywa kahawa yangu mpaka mwisho. Vidole vile vile ndivyo vilivyokuwa vikinichambulia miiba ya samaki nilipokuwa mdogo. Binti yangu akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini babu haendelei kula. Nikamwambia amalize chakula chake.

Tangu siku ile baba hakukaa nasi mezani tena. Nikiandaa, anasema, "Tangulieni, mimi nitakula baadaye." Nilimwomba radhi. Akacheka, akasema yamekwisha, nisijitese. Lakini sahani yake aliendelea kuipeleka chumbani na kufunga mlango.

Jumapili ya mwisho kabla hajaondoka nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, kumbembeleza tu. Akachukua sahani yake kama kawaida. Nikaita mtoto aje ale, kimya. Mara nikasikia kicheko chumbani kwa baba, nikaenda nikafungua mlango.

Walikuwa wamekaa chini kwenye zulia, sahani moja katikati yao. Babu anamfundisha mjukuu kufinyanga tonge, na mtoto amejaa wali mpaka kidevuni, raha tupu.

"Karibu, mwanangu," baba akasema, akasogea kunipisha.

Binti yangu aliponiona, kicheko kikamkatika. Akauficha mkono nyuma ya mgongo.